Kilio Alichonyimwa Kamanda Rustiko

Msiba wa kujitakia hauna kilio. Methali hiyo mmeisikia leo ikitamkwa na watu wazima, mkashtuka, mkaja kuuliza ni roho ngumu ya nani iliyoweza kutoa neno kama hilo mbele ya maiti. Mmeuliza vizuri. Wapo watakaowapa chanzo kingine, nao wasikilizwe. Sisi tuliosimuliwa na wakubwa wetu tunasema methali hii ilianza hivi, mbali sana na hapa, katika dola ya Warumi ilipokuwa imekwisha zeeka. Ilitoka kinywani mwa mwanamke mwenye hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki.

Mwanamke huyo aliitwa Zia. Aliishi katika mji mdogo uliozunguka ngome, ukingoni mwa mto Danubi, na mto huo ndio uliokuwa mpaka wa dola. Kazi yake ilikuwa kulia. Msicheke! Warumi walikuwa na desturi ya kumwita mwombolezaji penye msiba. Alitangulia mbele ya jeneza nywele zikiwa timtim, akijipiga kifua na kumtaja marehemu kwa sauti ya kuimba, na wafiwa wakamwitikia. Zia aliifanya kazi hiyo miaka thelathini, akawalilia wema na wabaya, na hakuwahi kukataa msiba wa mtu.

Sasa, mtasikia watu wakisema Warumi waliijenga dola yao kwa upanga. Upanga hata majambazi wanao. Warumi walikuwa na sepetu. Askari wao wakitembea kutwa nzima, jioni hawakulala kabla ya kuchimba handaki na kusimamisha boma, na walikopita waliacha barabara ya mawe. Tena adui waliyemshinda hawakumwacha abaki adui. Walimwambia, tulindie mpaka huu kwa miaka ishirini na mitano, nasi tutakufanya Mrumi, wewe na wanao. Wakaahidi, wakatimiza. Babu wa babu yake Zia alikuwa adui wa namna hiyo. Na mwana pekee wa Zia, Mestula, alikuwa askari wa lango katika ngome ile ile. Zia alimpata baada ya kuzika watoto watatu, kwa hiyo mnaweza kujua alivyompenda.

Mwaka mmoja Wagothi, kabila la nje ya dola, walitokea ng'ambo ya mto. Walikuwa maelfu kwa maelfu, wanakimbia vita huko kwao, watoto mgongoni na wazee mikokotenini. Wakaomba kuvuka. Kaisari akakubali kwa masharti: waache silaha zao mtoni, wapewe ngano ya ghala na ardhi ya kulima, na vijana wao waingie jeshini. Ilikuwa ile ile njia ya zamani. Kilichobaki ni kutimiza, na kutimiza kuliwekwa mikononi mwa kamanda wa ngome, Rustiko, mtu ambaye tumbo lake lilishiba lakini macho yake hayakushiba kamwe.

Silaha alizoagizwa kuzikusanya hakuzikusanya. Mgothi aliyemletea zulia zuri alipita na upanga wake kiunoni, na nyumba ya Rustiko ikajaa mazulia mpaka ikakosa pa kukanyaga. Kisha akalifunga ghala. Alitaka Wagothi wanunue kile walichopewa bure na Kaisari. Walipokwisha kuuza vyote walivyokuwa navyo, wakaanza kula majani, na Rustiko akawapelekea mbwa. Ndiyo, mbwa! Aliwatuma askari wakamate mbwa wa mitaani, na bei ya mbwa mmoja ilikuwa mtoto mmoja, achukuliwe utumwani. Mzazi alimpeleka binti yake akarudi na mzoga, ili wale wengine wasife.

Siku moja Mestula alirudi nyumbani mchana, akakaa bila kuvua kofia yake ya chuma.

"Mama, leo nimempa mtu mbwa," alisema. "Ameniachia msichana wa miaka sita. Baba mtu alinitazama tu. Upanga anao, mama, na hakuuchomoa."

"Na kesho?"

"Kesho sijui. Wenzetu wote wa minarani na wa mashuani wameitwa kuwalinda hawa wenye njaa wasivunje ghala. Mto hauna mtu. Na ng'ambo kuna kabila jingine lililokataliwa kuvuka. Tangu juzi wanafunga magogo."

Zia hakungoja kusikia zaidi. Alifunga kilemba chake akaenda moja kwa moja kwa Rustiko, akamkuta mezani.

"Nani amekufa, mama, hata nikakuona hapa?" Rustiko aliuliza, akacheka na mafuta ya nyama mdomoni.

"Bado, bwana mkubwa. Ndiyo maana nimekuja mapema. Fungua ghala."

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma. Umewanyima chakula, umewaachia panga, na mto umeuacha wazi. Kama ulitaka kuwaibia, si ungewanyang'anya panga kwanza? Na kama ulitaka wabaki na panga, si ungewashibisha?"

"Wale ni washenzi. Wanakula mbwa."

"Mbwa umewapa wewe!" Zia alipaza sauti hata watumishi wakageuka. "Wazee wangu nao mliwaita washenzi. Mkawapa ngano na ardhi, wakaulinda mto huu hadi leo. Mwanangu amesimama langoni kwako, bwana, na sina mwingine. Nakusihi, ghala lifunguliwe leo."

"Rumi ina umri wa miaka elfu," alisema Rustiko, akachukua kipande kingine cha nyama. "Haitaangushwa na matumbo matupu. Nenda zako ukalie, ndiyo kazi unayoijua."

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, lile kabila la ng'ambo lilivuka kwa magogo yake bila kurushiwa hata jiwe. Wagothi walipowaona wenzao nchi kavu, wakachomoa zile panga ambazo Rustiko aliziacha. Askari wa lango walisimama mahali pao. Mestula alikufa miongoni mwa wa kwanza. Rustiko hakukutwa langoni wala ukutani. Alikutwa ameuawa nyumbani kwake, katikati ya mazulia. Na ghala lilipovunjwa, lilikuwa limejaa ngano hadi kwenye mapaa, na ile ya chini ilikuwa imeoza.

Moto ule haukuzimika hapo. Baada ya miaka miwili Kaisari mwenyewe aliuawa vitani na Wagothi hao hao, na miaka thelathini na kitu baadaye watoto wao waliingia katika mji wa Rumi, mji ambao hakuna adui aliyeuingia kwa miaka mia nane. Lakini hayo yalikuwa mbele. Wagothi walipouacha mji wa ngome na kusonga kusini, waliosalia walitoka mafichoni kuzika.

Zia alikuwa ametoka kumzika Mestula, udongo ungali chini ya kucha zake, mjane wa Rustiko, Bibi Domnika, alipofika mlangoni.

"Mazishi ni leo jioni," alisema. "Utatangulia."

"Sitatangulia."

"Lakini wewe humkatai mtu! Ulimlilia hata yule mwizi aliyenyongwa."

"Mwizi yule alikuwa na njaa, bibi. Mumeo alikuwa na ghala."

Domnika akaanza kutokwa na machozi. "Amekufa, Zia. Kifo hakina kosa."

"Mwanangu ndiye aliyekufa. Aliambiwa asimame langoni akasimama, na msiba ukamfuata hapo. Mumeo aliuita mwenyewe, akautandikia zulia upite. Nikimlilia yeye kwa sauti ile ile niliyomlilia Mestula, nitakuwa nimemtukana mwanangu kaburini."

Jioni jeneza la kamanda lilipita katikati ya mji. Hapakuwa na sauti isipokuwa ya viatu vya wabebaji. Watu walisimama milangoni, wengi wao wafiwa wa siku ile ile, na hakuna aliyefumbua mdomo. Jeneza lilipofika mbele ya nyumba ya Zia, Domnika alishindwa kuvumilia.

"Hata chozi moja?" alipiga kelele. "Moja tu?"

Zia alitoka hadi kizingitini, akamtazama, na akasema kwa sauti ambayo kila aliyesimama aliisikia:

"Msiba wa kujitakia hauna kilio."