Runinga ya Inchi Hamsini

Kitu chema hakina haraka na mnunuzi. Hukaa mahali pake kimya, na mwenye haja nacho hukifuata. Kitu kibaya hakijui kukaa. Hupiga hodi, hushika watu mikono barabarani, na husifiwa kwa mdomo wa mtu kwa sababu chenyewe hakina cha kujisifia. Wengi hujifunza hayo kwa kupoteza fedha. Mtu mmoja aliyajifunza kwa kupoteza kisichonunulika.

Mtu huyo alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Aliishi na mkewe katika chumba kimoja cha kupanga, chumba safi chenye dirisha moja na soketi moja. Mkewe alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane katika kiwanda cha pamba, na vumbi la pamba likamla mapafu polepole kama mchwa alavyo boriti. Sasa alikuwa mtu wa kitandani. Hospitali iliwaazima mashine ya hewa, sanduku la kimo cha kigoda lililonguruma kutwa kama paka aliyeshiba, likichuja hewa na kuipeleka puani mwa mama yule kwa mrija mwembamba.

Muuguzi aliyeileta hakuwa na maneno mengi. "Mashine isizimike. Dirisha liwe wazi mchana. Umeme ukikatika, fungueni huu mtungi mdogo wa akiba. Una hewa ya saa tatu tu, basi msikae kuutazama, mleteni hospitali."

Kwa hiyo uhai wa mama yule ulining'inia kwenye waya mmoja. Ulitoka kwenye kisanduku cha fyuzi barazani, ukapita ndani ya ukuta, ukaishia kwenye soketi iliyo karibu na kitanda.

Mwili wake ulikuwa umechoka, lakini ulimi ulikuwa mzima. Mumewe alipotoka kazini alimkuta anamngoja na kitendawili, maana vitendawili ndivyo vilivyokuwa matembezi yake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mgeni. Haingii mpaka atoke, hatoki mpaka aingie."

Cheche alivua viatu akifikiri. "Mwenye nyumba wetu, siku za kodi."

Mkewe alicheka mpaka akakohoa, na Cheche akamshika mgongo mpaka kikohozi kikatulia. "Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua mji wowote uutakao."

"Nimekwenda mjini, nimetembea mpaka nimechoka, nimekula nikashiba. Mgeni wangu ni pumzi." Kisha akatazama dari. "Miji unanipa kila siku, mume wangu. Miguu ya kuitembelea ndiyo sina."

Neno lile lilimkaa Cheche kifuani kama mwiba wa samaki kooni. Alikuwa na akiba aliyoiweka kwa mwaka mzima, fedha za madirisha ya shule moja. Siku iliyofuata aliamua kwamba fedha zile zitanunua runinga, ili mkewe aitembee miji akiwa amelala.

Kabla ya kununua alikwenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa fundi wa redio na runinga. Alimkuta ameinamia meza iliyojaa skrubu na nyaya, moshi wa risasi ya kuungia nyaya ukimzunguka kichwa.

"Shemeji, runinga ya plasma na ya LCD, ipi kali?"

Fundi aliweka chini chuma chake cha kuchomea. "Kwa picha, plasma sio mbaya. Nyeusi yake ni nyeusi kweli. Lakini inakula umeme kama pasi, inatoa joto kama jiko, na kioo chake kizito. Mwanga wa dirisha ukiipiga unajiona mwenyewe badala ya picha. LCD ndogo inakula kama balbu mbili tatu, na mchana kweupe unaiona. Nyie mna soketi moja na mgonjwa anayetaka dirisha wazi. Hapo hakuna cha kuchagua. Nenda duka la yule mama mwenye miwani, chukua LCD ya inchi ishirini na nne, na chenji itakubakia."

"Inchi ishirini na nne ni runinga au simu?"

"Shemeji, dada yangu hana haja ya sinema. Ana haja ya hewa. Mimi kesho nasafiri kwa kazi ya wiki mbili, ningekwenda nawe. Basi nenda peke yako, lakini usinunue njiani."

Cheche alikwenda. Mama mwenye miwani alikuwa ameketi nyuma ya meza akishona kifungo cha koti, wala hakuinuka. Alionyesha kwa sindano. "Ile pale. Mpya, ina dhamana ya mwaka. Bei imebandikwa."

Cheche aliitazama. Ilimwonekea ndogo kama sinia la chai. "Mama, hii ni runinga au kioo cha kujitazamia?"

"Ukiizima ni kioo. Ukiiwasha ni runinga."

"Hupunguzi hata kidogo?"

"Nikipunguza, mwanangu, nitakuwa nimekudanganya pale mwanzo." Akarudi kwenye kifungo chake.

Laiti mama yule angekuwa na maneno matamu kidogo. Lakini aliamini runinga yake itajisemea, na Cheche akatoka mikono mitupu.

Hakufika mbali. Dalali mmoja aliyeitwa Asali alikuwa ameegemea nguzo, akamdaka kama kipanga anavyodaka kifaranga.

"Kaka mkubwa, nimekuona ukiingia mle nikakuonea huruma. Wanakuuzia kijiruninga cha chumba cha mlinzi. Kwa fedha hizo hizo ninayo plasma, inchi hamsini. Hamsini, kaka. Mtu akicheza mpira mle ndani, unasogeza miguu asikukanyage."

"Nimeambiwa plasma inakula umeme."

"Nani kakwambia? Fundi? Fundi lazima aseme hivyo, plasma haziharibiki, wao watakula nini?"

Cheche alicheka. Huo ukawa mwanzo wa kuanguka kwake, kwa maana aliyekuchekesha si rahisi kumfukuza. Asali alimfuata mitaa mitatu. Akapunguza bei mara moja, akapunguza mara ya pili bila kuombwa. Cheche akasema atafikiri, akaenda zake nyumbani. Kabla hajamaliza kunawa mikono, akasikia magurudumu ya mkokoteni barazani na sauti ikipiga hodi. Asali alikuwa ameileta runinga yenyewe mpaka mlangoni, imefunikwa blanketi.

"Sikukuita," Cheche alisema.

"Ndugu haitwi, huja mwenyewe. Itazame tu. Kutazama hakuna bei."

Waliibeba watu wawili wakihema, wakaichomeka pamoja na mashine kwenye soketi ile moja kwa adapta. Ilipowashwa, ukuta mzima uligeuka bahari ya rangi. Ilikuwa imetoka kwenye baa iliyofungwa, na katika pembe ya juu palikuwa na doa jeupe la pembe nne, lililobaki hapo hata picha ilipobadilika.

"Na hili doa?"

"Hilo siyo doa, kaka. Ni muhuri wa kiwanda. Zile za bandia hazina."

Mkewe aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Mume wangu, kaka si alisema ile ndogo?"

"Kaka yako siye atakayelala akiitazama. Nilitaka kukupa miji. Nitakupaje miji ndani ya sinia?"

Mama yule alimtazama mumewe usoni. Aliona furaha ambayo hajaiona tangu siku alipougua, akaona haya kuizima. Akasema, "Basi sawa. Ni nzuri." Fedha zikabadilisha mikono, na Asali akaondoka akisukuma mkokoteni mtupu kwa mwendo wa mtu anayeogopa kuitwa nyuma.

Siku ya kwanza walitembea miji minne. Mama alicheka, akauliza majina ya mito, akamtania Cheche kwamba sasa ana mke mwenye hati ya kusafiria.

Siku ya pili waligundua kwamba mwanga wa dirisha uliijaza ile runinga, ukawa unaonyesha kitanda na mashine na wao wenyewe. Cheche akatundika pazia zito, akalifunga dirisha ili upepo usilipeperushe. Chumba kikawa na giza mchana, na joto la runinga lilipojumuika na la mashine, kikawa kama ndani ya chungu. Mama alikuwa akijipepea kwa kipande cha boksi. Alipoulizwa kama anaona vizuri, alijibu kwamba anaona.

Siku ya tatu fyuzi ilikatika. Mashine ikanyamaza. Cheche alifungua mtungi wa akiba, akakimbia barazani, akabadilisha fyuzi, mashine ikarudi kunguruma. Siku ya tano ikakatika tena. Siku ya sita ikakatika mara mbili. Kila mara mtungi mdogo ulifunguliwa, na kila mara mshale wake ulishuka.

"Tuizime hii runinga mpaka kaka arudi," mkewe alisema.

"Runinga haina kosa. Fyuzi za siku hizi ni nyepesi kama karatasi."

Akatoka na koleo. Alikata kipande cha waya mnene wa shaba, ule anaoutumia kazini, akaupachika mahali pa fyuzi. Akarudi akipangusa mikono, ameridhika kama mtu aliyeziba tundu la panya.

"Haitakatika tena."

"Lakini Cheche, kukatika si ndiyo kazi yake?"

"Miaka ishirini nimeshika umeme kwa mikono hii. Leo unifundishe wewe?" Kisha akajutia ukali wake, akamfunika miguu. "Jumamosi nitaupeleka mtungi ukajazwe. Usijali."

Ilikuwa Jumatatu.

Jumatano mchana Cheche alikuwa karakanani, akiunga geti la mtu. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye makelele na moyo mzuri, alikuwa uani akianua nguo. Alisikia sauti za runinga kutoka chumba cha mgonjwa: honi za magari, watu wakizungumza lugha ngeni. Kisha zikakatika ghafla. Alidhani mgonjwa amelala. Alikunja shuka mbili, akakunja ya tatu, ndipo pua yake ikanasa harufu ya plastiki inayoungua.

Kule barazani kipande cha shaba kilikuwa kizima, kinang'aa, hakijakatika. Kilichokuwa kimeungua ni waya uliokuwa ndani ya ukuta. Ulikuwa umebeba mzigo wa siku nyingi bila mtu wa kuutua, na sasa mstari mweusi ulipanda juu ya chokaa kutoka kwenye soketi hadi darini.

"Jirani. Wewe, jirani," mwenye nyumba aliita akisukuma mlango. Moshi ulimpiga usoni. Alipapasa mpaka kitandani.

Mama yule hakuwa amelala. Alikuwa ameteremka nusu, magoti sakafuni. Mtungi wa akiba ulikuwa karibu naye, koki imefunguliwa mpaka mwisho, na mshale umesimama kwenye sifuri. Mkono wake mmoja ulikuwa umelishika lile pazia zito. Alikuwa amelivuta mpaka ndoano mbili zikang'oka, na mstari mwembamba wa mwanga ukaingia. Dirisha lenyewe hakulifikia.

Walimpeleka hospitali kwa gari la muuza maji. Cheche alifika akikimbia, miwani yake ya kazi ingali juu ya paji la uso. Muuguzi yule yule wa mashine ndiye aliyetoka kumpokea. Alikuja polepole, na Cheche alipouona mwendo ule alikaa chini sakafuni kabla hajaambiwa neno.

Baada ya maziko, fundi alirudi kutoka safari yake. Hakumlaumu mtu. Aliingia chumbani na taa ya mkononi, akautazama ule mstari mweusi ukutani, akafungua kisanduku cha fyuzi, akaitazama shaba, akakifunga taratibu. Runinga ilikuwa imesimama pale pale, kubwa, nyeusi, haina mkwaruzo hata mmoja.

Cheche alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda kilichokunjwa godoro. Sahani ya chakula ilikuwa miguuni pake, imepoa.

"Shemeji," alisema, "wewe ndiye fundi. Niambie ukweli. Ingekuwa ile ndogo, na dirisha wazi, na fyuzi ile ile. Umeme ungekatika?"

Fundi alichuchumaa mbele yake. Alikuwa na jibu, na wote wawili walijua kwamba analo. Aliokota kijiko, akakipangusa kwa shati lake, akakiweka mkononi mwa mume wa marehemu dada yake.

"Kula kwanza, shemeji."

Cheche alikishika kile kijiko, wala hakula. Hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine. Jibu alikuwa amelipata, na angeishi nalo mpaka kaburini, kwamba kilichokuwa cha kumfaa kilikaa dukani kikimngoja bila kumwita, na kilichomwangamiza kilimfuata mpaka mlangoni kwa mkokoteni. Hakika chema chajiuza, kibaya chajitembeza.