Mwanasiti na Shanga za Sultani Rubeya

Jamani, nianze nisianze?

Anza!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi zamani, zamani ile ambayo babu wa babu zetu hawajaota meno, palikuwa na mji ukiitwa Kisiwe. Watu wa Kisiwe walinunua na kuuza kwa shanga za buluu. Kibaba cha mtama, shanga tano. Chungu cha kupikia, shanga kumi. Kila mtu alijua.

Mtaa wa chini, kando ya mto, aliishi mfinyanzi jina lake Mwanasiti. Mwanamke mfupi, mwepesi wa ulimi, vidole havikauki udongo. Udongo wenyewe aliuchimba kwenye kiwanja cha Waziri Ngoto, na katika kila vyungu vitatu alivyochoma, kimoja kilikwenda kwa Waziri. Mwanasiti alitamani kiwanja kile kiwe chake. Waziri alikuwa amemwambia, "Niletee shanga mia tatu, ukichukue." Basi akaweka. Mwaka wa kwanza akaweka, wa pili akaweka, akaweka, akaweka, hata mwaka wa saba zikatimia.

Sasa sikilizeni. Mwaka huohuo Sultani Rubeya alikuwa akijenga jumba la ghorofa tatu. Lilipofika ghorofa ya pili, hazina ikabaki tupu. Waziri Ngoto akamnong'oneza, "Bwana wangu, kwani shanga si za kutengenezwa? Tuagize magunia matatu kwa mafundi wa kioo. Shanga zikiwa nyingi, mji mzima utatajirika."

Sultani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kusikia maneno mazuri. Akaagiza.

Magunia yakaja, shanga zikamwagwa. Wapi? Mtaa wa chini? Thubutu! Zilimwagwa mlangoni pa jumba. Waziri akachota malipo yake wa kwanza, maana mbao za kujengea jumba zilikuwa zake. Wenye mawe wakachota. Wenye chokaa wakachota. Wakashuka sokoni siku hiyohiyo, bei bado ni ile ya jana. Wakanunua mtama, wakanunua ng'ombe, wakanunua mashamba. Wiki ya kwanza kibaba shanga tano. Wiki ya pili shanga nane. Wiki ya tatu shanga kumi na tano! Shanga mpya zilipoanza kuonekana mtaa wa chini, zilikuja mojamoja, na bei ilishatangulia kufika.

Mwanasiti hakuwa na habari. Akafunga mia tatu zake kitambaani, akaenda kwa Waziri.

"Nimekuja kuchukua kiwanja, Bwana Waziri."

Waziri akacheka. "Mama, hizo ni mia tatu za mwaka jana. Leo ni mia tisa."

"Lakini shanga ni zilezile!"

"Shanga ni zilezile. Kiwanja ndicho kilichopanda."

Akarudi nyumbani, akaketi mbele ya tanuri lake. Miaka saba! Siku ile hakufinyanga hata kikombe.

Mnadhani yaliishia hapo? Mpiga mbiu akapita: "Kila nyumba pishi tatu za mtama, jumba limalizike! Nyumba kubwa pishi tatu, nyumba ndogo pishi tatu! Sultani habagui mtu!" Waziri mwenye maghala kumi na mawili akatoa pishi tatu. Panya wake walikula zaidi ya hizo. Mwanasiti naye akatoa pishi tatu, akaona kitako cha kapu lake.

Jumba likaisha. Sultani akaandaa karamu, na Mwanasiti akaagizwa chungu kikubwa cha supu ya mbuzi. Chungu kipya huweza kupasuka motoni, kwa hiyo huko Kisiwe mfinyanzi hukaa nacho jikoni siku ya kwanza. Na huko Kisiwe mwenye karamu hula mwisho, wageni wote wakishapata.

Mwanasiti akakitazama kile chungu kikitokota. Akawaza gereza. Akawaza kapu lake. Kisha akachukua kata ya maji.

Waziri na matajiri wakapakuliwa kwanza. Supu nzito, nyama zinagongana. Chungu kikapungua, Mwanasiti akakijaza maji. Wakapakuliwa wa pili. Akakijaza maji. Wakapakuliwa wa tatu. Akakijaza maji.

"Wewe mwanamke, utaniponza!" mpishi mkuu Tamimu akalia.

"Ukiulizwa, sema ni mimi."

Bakuli la mwisho likapelekwa kwa Sultani. Akanywa. Akatazama ndani. Akanywa tena.

"Nani kapika haya maji?"

Mwanasiti akatoka jikoni, kata mkononi. "Ni supu, Bwana wangu. Na leo imekuwa nyingi ajabu. Chungu kimejaa mara nne!"

"Nyingi? Haina ladha!"

"Ladha wamekula waliotangulia, Bwana wangu. Sisi wa mwisho tunapata wingi."

"Afungwe!" Waziri akapiga kelele. Lakini Sultani alikuwa akitazama bakuli la Waziri, mafuta yanaelea juu. Kisha akauliza taratibu, "Kibaba cha mtama siku hizi ni shanga ngapi?"

Waziri akawatazama matajiri. Matajiri wakamtazama Waziri. Meza nzima hakuna ajuaye.

"Kumi na tano," akasema Mwanasiti. "Nilipokuwa naweka akiba, tano. Na nimetoa pishi tatu sawasawa na Bwana Waziri."

Sultani akasukuma bakuli. Aibu ilimshika kuliko njaa.

Kesho yake mbiu ikapigwa. Hakuna gunia jipya. Kila ghala litatoa pishi kumi, na asiye na ghala hatoi. Kila kiwanja cha ziada kitalipa shanga hamsini kwa mwaka, na shanga hizo zitafungiwa, hazirudi sokoni. Kwa mtama wa maghala wakalishwa vibarua, wakachimba mfereji wa kuondoa maji ya mvua mtaa wa chini.

Bei haikurudi kwenye tano, nisiwadanganye. Ilishuka polepole, ikatulia kwenye tisa. Waziri alipochoka kulipia viwanja asivyovitumia mwenyewe, akamwuzia Mwanasiti kile kiwanja cha udongo kwa mia nne. Mia tatu alikuwa nazo. Mia moja aliipata kwa kuwauzia vibarua wa mfereji mitungi ya maji.

Mwaka uliofuata matajiri wakaenda barazani. "Bwana wetu, gunia moja tu la shanga. Dogo!"

Sultani akamgeukia Mwanasiti, ambaye sasa alikuwa na mkeka wake mbele kabisa.

"Mama, huko chini kibaba ni ngapi leo?"

"Tisa, Bwana wangu. Na watu wameanza kuweka akiba tena."

"Basi," akasema Sultani, "gunia lisije."

Nami nimeshusha mzigo wangu. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia amuulize jirani yake.