Ngiri na Lango Lisilo na Mlango

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa moto, pakawa lango, pakawa mnyama mwenye kichwa kigumu kuliko meno yake. Sogeeni. Nyie wa nyuma, zimeni simu.

Hapo kale nyika ilishika moto. Mahali pa kupona palikuwa pamoja tu: boma la mawe la Mfalme. Mfalme akamtuma Kanga apige mbiu. "Njooni mlivyo! Lango li wazi! Msibebe kitu!"

Wanyama wakaenda. Ngiri akabaki. Masika yaliyopita alikuwa amelivamia shamba la Mfalme, akalifukua lote. Leo aende hivihivi? Kwa uso gani?

"Ndugu yangu, moto huo!" Kanga akamwambia.

"Mkono mtupu haulambwi," akajibu Ngiri. "Mimi nimelelewa."

Akafukua viazi, akajaza kikapu, mbio mpaka langoni. Langoni kasimama Fisi, kifua mbele.

"Hodi!"

"Una apointimenti? Haya, lete nione. Viazi? Kwa kosa lako lile? Haitoshi. Ongeza!"

Ngiri akarudi. Viazi vikaliwa na nani? Mnajua.

Akaleta asali, uso umevimba kwa nyuki.

"Haitoshi. Ongeza!" Fisi akalamba midomo.

Ngiri akarudi tena. Kama nyie na vyeti vyenu, ofisi hadi ofisi. Safari hii moto ukamkuta njiani. Kikapu kikateketea. Kwato zikaungua. Akaja langoni kwa magoti, hana kitu.

"Mikono mitupu?" Fisi akacheka kile kicheko chake. "Next!"

Ngiri hakuwa na la kuongeza. Akalia, "Mfalme, nihurumie!"

Mfalme akatoka mwenyewe, akamkokota ndani.

"Ulikuwa wapi siku nzima?"

"Nilikuwa nakuletea zawadi, Baba. Mlinzi wako kasema hazitoshi."

"Mlinzi gani? Sijaajiri mtu. Lango langu halina hata mlango."

"Na shamba je?"

"Shamba nilikusamehe siku ileile. Kanga hakukwambia uje ulivyo?"

Ngiri akainamisha uso mpaka mavumbini.

Mfalme akageuka. "Fisi, nawe ingia upesi."

"Niingie bure, kama huyu?" Fisi akafoka. "Mimi nimesimama juani kutwa! Nimefanya kazi! Nina haki yangu!"

Angali anajieleza, cheche zikamnyeshea. Akatimka nyikani akilia. Yale madoa mnayoyaona ni ya siku hiyo. Jamani, hakufukuzwa. Alikaribishwa.

Na Ngiri? Hadi leo akila hupiga magoti. Wasomi wanasema eti shingo yake fupi. Waacheni. Wenye shingo fupi ni wengi, na magoti hawapigi.

Hadithi hii nilipewa bure, nami nimeitoa bure. Aliyekuja na kikapu, akiache hapo nje.