Punda Aliyewabebea Ngoma

Kaeni vizuri, na mwenye rafiki amtazame mara mbili. Mize, mpiga zumari, alirudi mtoni na kuni akakuta zimwi linalamba vidole. Rafiki zake wawili walikuwa wamelitolea punda wake, Kito, aliyewabebea ngoma zao tangu alfajiri, ili liwavushe.

"Punda ni punda tu, mwenzetu," wakamwambia.

Mize akapuliza zumari. Mara ya kwanza Kito akaitikia tumboni mwa zimwi. Mara ya pili akarusha mateke. Mara ya tatu zimwi likamtapika mzima. Mize akampanda.

"Na sisi je?" wakauliza wale wawili.

"Zimwi lina njaa tena," akasema Mize, "na rafiki ni rafiki tu."

Akavuka, na hadithi yangu ikavuka naye.