Kesi ya Kuku Ndani ya Kapu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama nao walichagua hakimu wao kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mwenye mstari mrefu ndiye hakimu. Na mwaka huo, sogeeni msikie, kila mtu alisema hakimu ni Fisi tu.

"Anacheka vizuri!" alisema Punda.

"Na uji anaogawa, mmh!" alisema Nyani. "Sukari tele!"

Nguchiro alichukia. Ngiri alikuwa amemtoa shimoni kwake kwa nguvu, yeye na wanawe, na kesi yao ilimngoja huyo hakimu mpya.

"Uji nimeuonja," alisema. "Lakini kesi anaziamuaje?"

"Sasa hayo nayajuaje mimi, shoga?" Punda alijibu.

Mgombea mwingine alikuwa Kakakuona, hana uji wala ngoma. Naye hakuna aliyejua anaamuaje.

"Basi leo mtajua," Nguchiro alisema. "Jificheni nyuma ya ua wa Fisi. Na atakayecheka nitamng'ata!"

Nguchiro na rafiki yake Kindi wakabeba kapu lililofunikwa, manyoya ya kuku yakichungulia pembeni. Hodi! Hodi!

"Mheshimiwa," Nguchiro alisema, "kuku aliyemo humu ni wangu, Kindi anasema wake. Ukiniamulia vizuri, paja lako."

Fisi akanusa. Nfu! Nfu! "Kuku wa Nguchiro! Kesi imekwisha."

"Hujanisikiliza, mheshimiwa," Kindi alisema. "Mimi natoa mapaja yote mawili."

"Alaa! Kumbe kuku wa Kindi!"

"Naongeza kidari!" alisema Nguchiro.

"Wa Nguchiro!"

"Na firigisi!" alisema Kindi.

Mate yalimdondoka Fisi, tap, tap, tap. Akapiga meza, pu! "Kuku ni wa mahakama! Tokeni!"

Nguchiro, mwepesi yule, akalinyakua kapu, fyuu! mpaka kwa Kakakuona. Wanyama wakatoka mafichoni mbio nyuma yake, na Fisi nyuma yao, akihema.

Nguchiro akaeleza kesi ileile, na paja akaahidi vilevile.

"Paja kaleni kwenu," alisema Kakakuona. "Kindi, na wewe unasemaje?"

Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya, fungueni nimwone huyo kuku."

Wakafungua. Lo! Jiwe, na manyoya mawili!

"Hapa hakuna kesi," alisema Kakakuona. "Mnanipotezea muda."

"Jiwe?" Fisi aliuliza.

"Jiwe, mheshimiwa!" Punda alisema. "Nawe umeliamulia mara tano... hapana, hata sijui mara ngapi!"

Wakacheka kwa-kwa-kwa, kisha wakapanga mstari nyuma ya Kakakuona, mrefu mpaka mtoni. Nguchiro alisimama mbele kabisa, amefurahi mpaka mkia umemsimama.

Ngiri alipouona mstari ule, hakungoja kesi isikilizwe. Aliondoka kimyakimya, akaenda kufungasha mizigo yake, atoke shimoni kwa Nguchiro.

Basi nanyi, wanangu, anayetaka kuwa hakimu muulizeni kwanza anaamuaje, ndipo mpange mstari.