Jina la Mia Nne Thelathini na Saba

Hebu fumbeni macho kidogo. Oneni chumba cha walimu chenye meza moja, saa ya ukutani inayoonyesha saa tano na nusu asubuhi, na mwalimu aliyejishika kichwa. Huyo ni Mwalimu Chilewa, anayefundisha halaiki, maonyesho ya watoto wengi uwanjani, kwa ajili ya sherehe ya wilaya. Mbele yake wamesimama watoto watatu. Kila mmoja ameleta orodha ya majina kutoka shule yake.

Wa kwanza ni Siwema, wa shule ya kando ya reli. Siwema hutazama tarakimu ya mwisho tu, akakwambia kama namba ni shufwa au witiri. Shufwa hugawanyika kwa mbili bila kubaki kitu, kama 8. Witiri hubakiza moja, kama 7.

Wa pili ni Mwarami, wa shule ya kilimani. Yeye hujumlisha tarakimu za namba. Jumla ikigawanyika kwa tatu, basi na namba yenyewe hugawanyika kwa tatu. Anajua hilo, na anajua kwamba wenzake wanajua kuwa analijua.

Wa tatu ni Mazoea, wa shule ya ng'ambo ya mto. Mazoea si mwepesi wa hesabu. Lakini ukimwambia njia ni hii moja, yeye huuliza nyingine iko wapi.

Halaiki ya Mwalimu Chilewa ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza iliitwa Kinu: watoto wawili wawili, wakitwanga kwa kupokezana. Ya pili iliitwa Mafiga: watoto walewale, watatu watatu, wamesimama kama mawe ya jikoni.

"Sasa mtwangaji wa peke yake atapokezana na nani?" mwalimu aliuliza. "Na mafiga mawili yatabeba chungu gani? Idadi lazima igawanyike kwa mbili, igawanyike na kwa tatu. Saa sita fundi anachukua majina. Asiyekuwemo hashonewi sare, na asiye na sare haingii uwanjani. Wanangu, atakayenitoa hapa ndiye atakayetangulia na bendera siku ya kuingia."

Watoto wenyewe walikuwa mbali, kila kundi shuleni kwake. Hapakuwa na namna ya kuwapanga mistari wakaonekana. Ilikuwa ni karatasi na kichwa.

Orodha zilisema: reli 150, kilimani 142, ng'ambo ya mto 145. Jina la mwisho kabisa, kwa kuwa shule yake ilijiunga mwisho, lilikuwa la Mazoea.

Mwalimu hajamaliza kujumlisha, Siwema akasema, "Itakuwa witiri, Mwalimu. Shufwa na shufwa ni shufwa, lakini ukiongeza 145 ambayo ni witiri, inageuka witiri."

Kweli, ikawa 437.

"Shule yenu ndiyo imeleta ubaya," Mwarami akamwambia Mazoea.

"Tumeleta watu," Mazoea akajibu.

Mwarami akajumlisha: nne na tatu na saba, kumi na nne. Haigawanyiki kwa tatu. "Tuwatoe wawili wa mwisho. 435 inatupa kumi na mbili. Kwisha kazi."

"Bado ni witiri," akasema Siwema. "Kwenye kinu atabaki mmoja. Ukitoa kwenye witiri, utoe idadi ya witiri ndipo ibaki shufwa. Tutoe mmoja, iwe 436."

"Kumi na tatu. Haifai."

"Watatu. 434."

"Kumi na moja. Haifai."

"Watano. 432."

"Tisa," Mwarami akasema polepole. "Hiyo inafaa."

Mwalimu akachukua kalamu. Watano wa mwisho wote walikuwa wa ng'ambo ya mto, na wa kwanza kukatwa angekuwa Mazoea. Kwa miezi miwili alikuwa akivuka mto viatu mkononi kwenda mazoezini. Kalamu ilipogusa karatasi, Mazoea akasema:

"Mwalimu, samahani. Mbona tunashuka tu? Hatuwezi kupanda?"

Kalamu ikasimama. Siwema akatazama dari. "437 ukiongeza mmoja ni 438. Mwisho nane. Shufwa."

"Nne, tatu, nane," Mwarami akasema. "Kumi na tano. Inagawanyika."

"Na huyo mmoja namtoa wapi, saa sita inagonga?" mwalimu akauliza.

"Yupo Semeni wa shuleni kwetu," Mazoea akasema. " Ulimtoa alipovunjika mkono. Hogo, ile plasta ngumu, limefunguliwa mwezi uliopita, na daktari amemruhusu. Kila jioni anatwanga na mimi uani, kinu hatuna, tunatwanga hewa. Mama anasema tuna wazimu."

Mwalimu Chilewa akacheka mpaka akavua miwani. Akaandika jina la Semeni chini ya jina la Mazoea, taratibu, kwa mwandiko mzuri. Vinu 219, makundi 146 ya mafiga, hakuna aliyekatwa. Akaegemea kiti, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akakumbuka chai yake. Ilikuwa imepoa, akainywa hivyohivyo.

Ndipo wakaanza.

"Bendera yangu," akasema Siwema. "Bila mimi mngesimama kwenye 435, na mmoja angetwanga peke yake."

"Na bila mimi mngesimama kwenye 436," akasema Mwarami. "Figa moja lingebaki halina wenzake."

"Na bila mimi mngewatoa watano," akasema Mazoea.

"Wewe ulikuwa unajiokoa," akasema Mwarami.

"Nilikuwa najiokoa, ndiyo. Na wale wanne, nao walikuwa mimi?"

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja. Bendera ilikuwa moja, na mlingoti wake hautoshi mikono sita.

Je, wewe ungempa nani?

Jibu kwa nafasi yako, sina haraka. Ila ninakuomba ukumbuke jambo moja: 436 ni shufwa, 435 inagawanyika kwa tatu, lakini kila moja ingemwacha mtoto mmoja pembeni.