Sufuria Iliyoazimwa kwa Kiingereza

Palikuwa na sultani katika mji wa Chembeni, jina lake Haidari, aliyependa sana vitu vya watu. Hakuwa mwizi, la hasha. Mwizi hujificha. Yeye alituma askari mchana kweupe, wakapiga hodi kwa adabu, wakasema, "Sultani anaazima." Akiazima punda, punda haonekani tena. Akiazima kitanda, mwenye kitanda atalala chini mpaka azoee.

Tena siku hizo alikuwa akijifunza Kiingereza. Alikijua kidogo tu, lakini alitembea nacho kama mtu aliyefunga kilemba kipya. Basi akatoa amri: kila kinachoazimwa kiandikiwe karatasi ya Kiingereza, na mwenye kitu atie kidole gumba. Watu wakatia. Nani angeweza kusoma?

Hapo mjini aliishi mjane mmoja, Bi Mafunda, mpishi wa harusi, mwembamba wa mwili lakini mdomo wake ulienea mtaa mzima. Mali yake yote ilikuwa sufuria ya shaba aliyoachiwa na mamake, kubwa hata mbuzi wawili walienea humo pamoja na mchele wao. Sufuria hiyo ndiyo iliyomlisha. Siku moja ikaazimwa kwa karamu ya ikulu. Karamu ikaliwa, wageni wakaenda zao, mwezi ukaandama, na mwingine ukaandama. Bi Mafunda akawa anakataa harusi za watu na kushindia uji.

Mwezi wa tatu askari akaja tena.

"Sultani anataka mfuniko."

"Mfuniko gani, mwanangu?"

"Wa sufuria yake."

Bi Mafunda akamtazama. "Umesema yake?"

"Ndivyo nilivyotumwa, mama. Mimi sijui kitu."

Bi Mafunda akavaa buibui lake, akajitwika mfuniko kichwani, akaenda mwenyewe barazani. Siku hiyo palijaa watu, maana balozi wa Kiingereza alikuwa amekuja kutembea. Kiswahili alikijua vizuri, na sultani alitaka mgeni huyo aone yeye naye alivyokijua Kiingereza.

"Maulana," akasema Bi Mafunda, "mfuniko huu hapa. Lakini nimekuja kuchukua sufuria yangu niliyokuazima."

Sultani akacheka, akamgeukia mgeni wake. "Unaona shida yetu, balozi? Kwa Kiswahili anayetoa anaazima, na anayechukua anaazima. Hujui nani ni nani. Kiingereza kina maneno mawili, kila mtu na lake. Karani, soma karatasi yake."

Karani akasoma, kisha akaeleza: Sultani amem-*lend* Bi Mafunda sufuria moja ya shaba, mpaka Bi Mafunda atakapomaliza haja nayo.

Bi Mafunda akautua mfuniko chini.

"Hilo *lend* ndilo nini, Maulana? Mimi sikusoma."

"Ni kumpa mwenzio kitu chako akitumie. Karatasi inasema aliyetoa ni mimi. Kwa hiyo sufuria ni yangu. Na kidole kilichotiwa hapo ni chako."

"Kidole ni changu, sikatai. Na mimi nimefanya nini?"

"Wewe ume-*borrow*."

"Ndiyo kusema?"

"Umechukua kitu cha mwenzio."

"Uniwie radhi, kichwa changu kizito. Mtu aki-*lend*, kitu kinakwendaje?"

"Kinatoka kwake."

"Na aki-*borrow*?"

"Kinakwenda kwake." Sultani alikuwa ameanza kunogewa na ualimu. "Muulize hata balozi."

"Ni sawasawa kabisa," akasema balozi.

"Kwa hiyo aliye-*lend* hakai nacho?"

"Atakaaje nacho, bibi, na amekwisha kukitoa?"

"Anayekaa nacho nani?"

"Aliye-*borrow*. Nikwambie mara ngapi?"

"Ambaye ni mimi."

"Ambaye ni wewe."

"Nimeelewa sasa. Basi, Maulana, nisaidie askari wanne wa kunibebea. Iko jikoni kwako."

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na kicheko. Sultani akamtazama balozi. Balozi alikuwa akiangalia boriti za dari kama mtu anayezihesabu.

"Lakini sufuria ni yangu," sultani akasema.

"Ni yako, Maulana, nani anabisha? Mimi nime-*borrow* tu, mpaka nimalize haja nayo. Na haja ninazo. Alhamisi hii kuna harusi kwa kina Shebwana."

Mzee mmoja ambaye punda wake alikuwa ameingia ikulu tangu mwaka juzi akasimama taratibu.

"Karani, baba, hebu nitazamie na karatasi yangu. Imeandikwa *lend* vilevile?"

Karani akamwangalia sultani, akaangalia miguu yake mwenyewe.

"Zote zimeandikwa hivyo," akasema kwa sauti ndogo.

Nusu ya baraza ikasimama.

Sultani angefanya nini? Somo alilitoa mwenyewe, na balozi alikwisha kulithibitisha. Hata kabla ya adhuhuri, lango la ikulu lilikuwa likitoa punda, vitanda, mikeka, na kiti kimoja cha kinyozi. Sufuria ndiyo iliyotangulia, askari wanne wakitokwa na jasho, na Bi Mafunda nyuma yao, mfuniko kichwani, akiwaelekeza wasije wakaigonga ukutani.

Sultani akashindwa kujizuia. Akamfuata mpaka mlangoni.

"Bi Mafunda," akaita. "Na kurudisha, utarudisha lini?"

Bi Mafunda akageuka polepole, mkono mmoja umeshika mfuniko.

"Kurudisha, Maulana? Neno hilo limeingia lini humu ndani?"